Siku Mama Ukungu Alipobandua Plasta

Wifi yangu ni mpiga picha, na kabla hujaniuliza, ndiyo, ni yule yule. Mama Ukungu. Jina hilo hakupewa na wazazi wake wala hakujipa mwenyewe. Alipewa na wateja, na mimi ndiye niliyelisambaza, maana mke wa kaka yangu nisipomtania mimi atataniwa na nani? Studio yake ni chumba cha mbele cha nyumba yao, kile kilichokuwa sebule kabla kaka hajasalimu amri na kuhamishia viti vyake uani. Mna pazia la kijivu ukutani, kigoda kirefu, mwavuli mweupe wa kurudisha mwanga, na kioo kikubwa ninapokaa na poda zangu. Kazi yangu mimi ni kuwapaka watu poda wasing'ae, kuwanyoosha kola na kuwaambia ukweli kuhusu nywele zao. Kazi yake ni yote yaliyobaki.

Ukungu wenyewe ndio huu. Mtaa wetu hauna pa kupigia picha. Simama popote utakapo, nyuma yako kutakuwa na tangi la maji, kamba ya nguo, pikipiki ya mtu au jirani anayepiga mswaki. Wifi alikuwa na uwezo wa kuvifuta vyote. Alimsimamisha bibi harusi mbele ya rundo la matofali, akabonyeza, na ukija kutazama picha matofali yameyeyuka yakawa ukungu laini mwekundu, bibi harusi yuko peke yake duniani na kope zake zinahesabika. Watu walizipenda picha zile kupita maelezo. Walikuja hata wa mitaa ya mbali, na wakifika mlangoni neno lao lilikuwa moja tu, kwamba na wao wafutiwe nyuma.

Sasa nikwambie siri ya ukungu ule, na wifi akisoma hapa asinune, maana hayo yameshapita. Fundi aliyemwachia ile kamera ya mtumba alimwonyesha gurudumu dogo lililo karibu na kidole cha kubonyezea. Alilizungusha mpaka kwenye kioo kidogo cha kamera ikatokea namba moja nukta nane, akamwambia aliache hapo hapo. Wifi akatii kupita kiasi. Alichukua plasta, hii ya kufungia vidonda, akaibandika juu ya gurudumu lisije likazunguka hata kwa bahati mbaya. Plasta ikichakaa anabandika nyingine. Namba zilizobaki zina kazi gani hakujua, na tuseme ukweli, hakutaka kujua. Nikimuuliza ananiuliza na yeye kama mimi nina tabia ya kufungua boneti ya gari linalokwenda.

Wifi ana mdogo wake wa kiume, mwalimu wa hesabu katika shule ya bweni ya watoto viziwi. Yeye mwenyewe ni kiziwi tangu utotoni, na nyumbani kwao wifi ndiye aliyekuwa wa kwanza kujifunza kuzungumza naye kwa mikono. Wakikutana hao wawili ni mbio za vidole. Mimi niliyejifunza kwa kuibia ibia miaka yote hii naambulia nusu, na hiyo nusu nayo huwa ni ile wanayonisengenya. Katika lugha yao kila mtu ana ishara yake ya kuitwa. Ishara ya mwalimu ni vidole viwili vinavyosukuma miwani puani, kwa sababu miwani yake ni minene na haijawahi kukaa mahali pake. Yangu ni mkono unaopaka poda shavuni, na nashukuru hawakuchagua mdomo wangu. Wifi hakuwa na ishara ya kwake. Mwalimu humwita dada tu, basi, kwa kuwa hana dada mwingine.

Huyo mwalimu alipata wazo, na wazo hilo ndilo lililotuingiza kwenye patashika. Pale shuleni, ukivuka lango, unakutana na ukuta mrefu wa ukumbi. Kila muhula mpya wazazi hupita mbele ya ukuta huo wakiwa wamewashika mikono watoto wao wadogo, na wengi wa watoto hao hawajawahi kumwona mtu yeyote akizungumza kwa mikono. Kwao wameishi miaka yote wakitazama midomo inayocheza cheza wasielewe kitu. Hawajui wameletwa wapi wala kwa nini mama anataka kuwaacha. Siku hiyo ya kwanza ni vilio kutoka langoni mpaka bwenini. Mwalimu alitaka picha tano kubwa ukutani, za wanafunzi watano wanaomaliza, kila mmoja akitoa ishara ya neno moja. Ukizitazama kwa mpangilio unasoma: Njoo. Usiogope. Hapa. Sote. Tunazungumza.

Mkuu wa shule, mama mmoja mwenye sauti ya upole na msimamo wa chuma, alitaka aitwe mpiga picha mwenye jina kutoka katikati ya mji. Mwalimu akakataa katakata. Alisema dada yake ndiye anayejua kupiga picha, na tena anajua kuzungumza na watoto, na kama picha zitaharibika lawama zije kwake yeye. Wifi aliposikia hivyo hakulala vizuri, na kichwa kilimvimba kidogo, sitaki kusema uongo.

Tulikwenda, tukapiga picha ukumbini. Wifi aliwapanga watoto mmoja mmoja, wakanyoosha mikono mbele, nikawapaka poda mpaka wakachoka. Picha zikachapwa kwa ukubwa wa kutosha, zikatiwa fremu, na asubuhi ya siku ya kufunga shule tukazipeleka na kuzitundika. Wale watano walikuwa wamesimama nyuma yetu na mabegi yao, wakisukumana kwa furaha. Basi la kuwarudisha kwao lilitarajiwa baada ya chakula cha mchana. Baada ya hapo kila mmoja angeshika njia yake, na kuwakusanya tena watano wale mahali pamoja ingekuwa ndoto.

Msichana mrefu kuliko wote, yule wa neno la mwisho, alisogea mpaka pua yake ikakaribia kugusa picha yake. Akarudi nyuma. Akasogea tena. Kisha akageuka kwa mwalimu na kumwambia kitu kifupi. Mwalimu akasukuma miwani, akazitazama picha kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, akaanza upya. Wifi alikuwa amesimama na lile tabasamu la mtu anayengoja kusifiwa, nami nikaliona likipungua taratibu. Akamuuliza mdogo wake kuna nini. Mwalimu alimwashiria msichana arudie maneno yake polepole ili hata mimi niyapate.

"Umenipiga picha nimezibwa mdomo," alisema msichana kwa mikono yake.

Ndipo nilipoona. Nyuso zilikuwa nzuri ajabu, kila kope mahali pake. Lakini mikono, ile mikono iliyonyooshwa mbele kuelekea kwenye kamera, ilikuwa ukungu. Vidole vimeyeyuka. Hujui kama msichana yule anatoa ishara, anapunga au amejifunga kitambaa mkononi. Picha zile zilikaa mezani kwetu siku mbili nzima nami sikuona kasoro, kwa sababu mimi hutazama nyuso. Nyuso ndizo ninazozipaka poda. Wifi naye, aliyekua akisoma mikono ya mdogo wake kila siku, akishika kamera anageuka kuwa mtu wa nyuso kama mimi. Nilitamani ardhi ipasuke.

Mkuu wa shule alifika wakati huo huo. Alizitazama, akasema kwa upole kwamba picha zinapendeza na wageni watazipenda, na kwa kuwa watoto wanaondoka mchana, basi zibaki hivyo hivyo. Nilijua anatutafutia mlango wa kutokea. Mwalimu alinyanyua mikono na kujibu kwa ukali ambao sijawahi kuuona kwake, na wifi, ambaye siku zote ndiye anayewatafsiria, ikabidi atafsiri maneno yaliyokuwa yanamchoma mwenyewe.

"Anasema bora ukuta ubaki mtupu," alisema wifi, "kuliko kutundika watoto wanaomumunya maneno."

Alipomaliza kutafsiri alitoa kamera begini. Alimpigia simu yule fundi wa kamera, na kwa bahati akapokea, ila alikuwa barabarani na makelele yalikuwa mengi. Tuliambulia sentensi moja tu kabla simu haijakatika. Alisema tundu la lenzi liko wazi mno, alifanye dogo. Wifi alinitazama nami nikamtazama. Miaka yote ile hatukuwa tunajua kwamba ndani ya lenzi mna tundu linalofunguka na kujifumba. Kisha akaweka ukucha kwenye plasta, akaivuta. Ilitoka na ule uchafu wake wa kunata, na chini yake gurudumu lilikuwa safi kama lilivyotoka kiwandani.

Wifi alifikiri kama ambavyo mimi na wewe tungefikiri. Tundu linatakiwa dogo, basi namba ishuke. Akazungusha gurudumu kushusha ile moja nukta nane. Haikushuka. Akazungusha tena kwa nguvu, akabonyeza vitufe vingine, akazima kamera na kuiwasha. Namba ilibaki pale pale. Nilimwambia ailazimishe, ushauri wa kijinga, nakiri, na yeye akanijibu kwamba nisimchanganye. Mwishowe aliketi kwenye ngazi ya ukumbi, kamera mapajani, akasema lenzi hii ndio mwisho wake, haiwezi kwenda chini zaidi, na mtu mwenye lenzi ya maana tungempata wapi kabla ya mchana. Alikuwa amemwangusha mdogo wake mbele ya wanafunzi wake. Hakulia, na mimi sikumtania, jambo ambalo si la kawaida.

Mwalimu hakuwa hata anamtazama. Jasho lilikuwa limemtiririka kwenye miwani, akaivua aifute kwa shati. Upande wa pili wa ukumbi msichana mrefu alikuwa anamwambia jambo, na mwalimu bila miwani haoni mbali. Akafanya kitu anachokifanya siku zote, ambacho sisi wa nyumbani tumekizoea hata hatukioni tena. Alikunja ngumi, akaacha kitundu kidogo katikati ya vidole, akaiweka jichoni, akachungulia. Alianza mtindo huo utotoni, kabla nyumbani kwao hawajajua kwamba mtoto anahitaji miwani, na mpaka leo miwani ikiwa mbali naye ndivyo anavyosoma mikono ya watu.

Wifi aliinuka pale ngazini kama aliyekanyaga kaa la moto. Alimshika mdogo wake bega, akamgeuza.

"Rudia," alimwambia kwa mikono. "Unaona nini humo?"

Mwalimu alishangaa, ila akarudia. Alisema anamwona dada yake hapa karibu, na anamwona msichana kule mwisho, wote wawili wametulia.

"Na ukifungua ngumi?"

"Ukungu," alijibu mwalimu.

Wifi alikunja ngumi yake mwenyewe, akaiweka jichoni, akaniambia nami nifanye hivyo. Mimi macho yangu ya karibu yameanza kunisaliti, kusoma maandishi ya kopo la poda ni mpaka nililete dirishani. Nilichungulia kwenye kitundu cha ngumi yangu nikalitazama kopo, na maandishi yote yakajipanga. Nikainua jicho kwenye dirisha la mbali, nalo limejipanga. Kumbe kitundu kidogo kinatuliza vya karibu na vya mbali kwa pamoja, na tundu pana linatuliza kimoja tu, vingine vyote linavitia ukungu. Ukungu wote wa Mama Ukungu ulikuwa ni tundu pana, hakuna uchawi wala kipaji hapo.

Lakini ile namba ilikuwa bado inakataa kushuka, na wifi akamwonyesha mdogo wake kwenye kioo. Mwalimu wa hesabu alivaa miwani, akaitazama, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika ukuta. Wifi alikuwa karibu kumpiga. Alipotulia alimuuliza swali moja, na aliuliza kama anavyowauliza wanafunzi wake wa darasa la mwanzo, jambo lililomuudhi dada yake zaidi.

"Mkate wakigawana watu wawili, na mkate wakigawana watu kumi na sita, kipande kidogo ni kipi?"

Wifi alijipiga kofi la paji la uso nikalisikia. Namba ile ilikuwa ya kugawia. Kadiri inavyokuwa kubwa ndivyo tundu linavyopungua, na yeye alikuwa anasukuma mlango unaofunguliwa kwa kuvutwa. Akalizungusha gurudumu upande wa pili, na namba zikapanda bila ubishi wowote: mbili nukta nane, nne, nane, kumi na moja, kumi na sita. Namba zote hizo zilikuwa zimelala chini ya plasta.

"Wifi, njoo huku mbele," aliniambia. "Chungulia ndani ya lenzi. Usipepese."

Nikaweka uso wangu mbele ya lenzi. Akabonyeza. Mle ukumbini mwanga ni hafifu, kwa hiyo kamera haikufanya haraka, na nikaona kwa macho yangu. Vibamba vyembamba vyeusi vilijikunja kutoka pembeni vikifuatana, vikaacha katikati kitundu kisichozidi tundu la msumari, kikakaa hivyo kwa muda wa kuvuta pumzi, halafu vyote vikarudi na lenzi ikawa wazi tena. Nilipiga ukelele. Watoto hawakuusikia ila walimwona mkuu wa shule akiruka, wakaja mbio, na ikawa lazima kila mmoja achungulie. Wifi alibonyeza na kubonyeza, akirudi moja nukta nane waone jicho lilivyo pana, akipanda kumi na sita waone linavyojifumba. Walikuwa wanapeana zamu kwa kusukumana, na mkuu wa shule alipanga foleni na yeye.

Picha ya kwanza ilituangusha. Wifi alimsimamisha yule wa "Njoo" pale pale ukumbini, akabonyeza, tukakimbilia kioo. Mkono haukuwa na ukungu ule wa zamani, sasa ulikuwa umevutika kama rangi mbichi iliyopitiwa na mkono wa shati. Nilianza kulalamika, lakini wifi alikuwa ameshawaka na hazimiki. Alikuwa anaongea kwa mdomo na mikono kwa wakati mmoja, anatembea huku na huku. Kitundu kidogo kinaingiza mwanga kidogo, alisema, kwa hiyo kamera inabaki wazi muda mrefu ikingoja, na huyu mtoto anapumua, mkono wake unacheza. Tunahitaji mwanga mwingi, mwingi kuliko wote. Alipofika hapo hakusubiri mtu amjibu, alibeba kigoda akatoka nje.

Jua la uani lilikuwa kali na safi. Kila mtu alikuwa anakimbia sasa. Mimi nilibeba poda, mkuu wa shule alibeba mwavuli mweupe, na mwalimu alipeleka habari jikoni kwamba chakula kicheleweshwe kidogo. Wifi alipima umbali kwa hatua, akamsimamisha mtoto wa kwanza, akainua kamera, halafu akaishusha.

Nilijua amekiona nilichokiona. Nyuma ya mtoto yule kulikuwa na bweni na milango yake iliyobanduka rangi, kamba yenye mashuka yaliyofuliwa, jiko na masufuria yake meusi, na mpishi amesimama mlangoni na mwiko. Vitu vile vile alivyovifuta maisha yake yote ya kazi. Kwa namba kumi na sita visingefutika, vingetoka vyote na madoa yake. Mkuu wa shule naye aliona, akaanza kusema kwamba labda yale mashuka yaanuliwe, na mpishi aingie ndani, na wapi watapata pazia. Kidole cha wifi kilikwenda kwenye gurudumu, kwa mazoea, kikagusa pale ilipokuwa plasta. Kikakaa hapo. Kisha kikaondoka.

"Acha zikae, mama," alimwambia mkuu wa shule. "Mtoto anayeletwa hapa atataka kuona anakuja kulala wapi."

Basi alipiga. Sijawahi kumwona hivyo. Hakulenga jicho kama alivyozoea, alilenga kifundo cha mkono, akabonyeza, akaangalia kioo, akakuza picha mpaka kucha zikaonekana, akamwita mtoto mwenyewe aje akague. Hakuna aliyeruhusiwa kuondoka kabla hajakubali kwamba neno lake linasomeka. Yule wa "Usiogope" alilikataa lake mara mbili, akasema kidole gumba kinadanganya, na wifi akampigia tena bila kinyongo. Mpishi aligundua kwamba anatokea, akaanza kunyoosha aproni. Wadogo wa madarasa ya chini walijaa kwenye ngazi za bweni, wakawa wanarudia kila ishara kwa pamoja nyuma ya anayepigwa picha, na wifi akawaacha nao watokee. Nilikuwa natoka jasho, poda imeisha, na nilikuwa na furaha hata nikawa nacheka peke yangu.

Msichana mrefu alikuwa wa mwisho. Alinyoosha mikono yake miwili, akatoa neno lake, wifi akabonyeza mara moja tu. Msichana akaja kwenye kioo. Alitazama uso wake akaupita haraka, akaenda kwenye vidole, akavihesabu kwa ukucha mmoja mmoja, kisha akatazama nyuma ya vidole, kwenye ngazi, ambako wale wadogo wote walikuwa wanasema neno lile lile.

"Sasa nimesema," alimwambia wifi.

Basi liliingia wakati huo. Dereva alikuwa mgeni, akapiga honi ndefu ya kuwaita, na tuliogeuka tulikuwa mimi, wifi, mkuu wa shule na mpishi. Watoto waliendelea na soga zao. Alipiga tena, akatoa kichwa nje kutaka kugomba, mwalimu akamwonyesha awashe taa, na taa zilipowaka ua mzima ukaanza kukimbia. Walipokuwa wanapanda walipeana maneno kwa haraka, wakampa mwalimu ujumbe. Walikuwa wamempa wifi ishara yake ya kuitwa, maana dada ni wa mwalimu peke yake. Ishara hiyo ni ngumi yenye kitundu, jichoni. Wifi aliipokea kwa kuirudia, na basi lilipotoka langoni madirisha yote yalikuwa na ngumi.

Muhula mpya ulipofunguliwa tulikwenda kuona picha zikiwa ukutani, mimi nikiwa nimejivika gauni zuri kana kwamba nimealikwa. Zile za zamani wifi hakuzitupa, zipo studio, na mteja akija kutaka afutiwe nyuma anafutiwa kama kawaida, ila sasa wifi humuuliza kwanza kama kweli hataki nyumba yake ionekane. Plasta haipo tena. Hizi mpya zilikuwa zimeujaza ukuta mzima: mikono mikali hata ukadhani itakugusa, na nyuma yake mashuka, masufuria, mpishi na mwiko wake.

Wazazi walikuwa wanaingia. Vilio vilikuwepo, nisikudanganye kwamba picha zilivikomesha. Akaja mama mmoja na binti yake mdogo, aliyejiviringisha kwenye sketi ya mama yake kiasi kwamba walikuwa wanatembea kama mtu mmoja. Mama alisimama karibu nasi kupumzika. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyelia njiani akajifuta kabla ya kufika. Alituambia, bila sisi kumuuliza, kwamba mwanawe hajawahi kusema neno hata moja tangu azaliwe, na kwamba hajui kama anafanya vizuri kumwacha.

Binti alikuwa ametoa jicho moja nje ya sketi. Alikuwa anaitazama picha ya kwanza. Alitazama uso wa mwanafunzi, akautazama mkono, akabaki kwenye mkono. Aliachia sketi. Akasogea hatua chache mpaka chini ya fremu, akainua mkono wake mdogo, akavipanga vidole kimoja baada ya kingine kama alivyoviona, akirekebisha gumba, akilinganisha na picha. Halafu akageuka, akatutazama, na mkono ule ukiwa mbele yake akauvuta kuelekea kifuani.

Wifi alikuwa na kamera begani na hakuigusa. Mama yule alitutazama sisi, akamtazama mwanawe, akatutazama tena.

"Anafanya nini?" aliuliza. "Amesema kitu?"

"Ndiyo," alisema wifi. "Anakuambia, njoo."

Mama akaenda.